Mtuonyeshe na kitako cha boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu ukurasa wenu wa mwisho wa juma, ule wa vitu vya nyumbani vilivyobuniwa vizuri. Ndio ukurasa ninaoufungua kwanza, kabla ya siasa na kabla ya matangazo ya vifo, kwa hiyo msinichukulie kama mtu aliyekuja kugomba tu. Nina jambo moja: vitu vyote mnavipiga picha kwa mbele.

Birika kwa mbele, taa kwa mbele, chupa ya manukato kwa mbele, boksi la sabuni kwa mbele. Kila kimoja kimesimama peke yake kwenye weupe usio na sakafu wala ukuta, hakina kivuli, hakijaguswa na mkono wa mtu. Maelezo ya chini yanasema "umbo tulivu" au "rangi zenye mvuto". Nikimaliza kusoma sijui kama birika lile linachuruzika ubavuni ukimimina, kama mpini wake unaunguza, au kama kifuniko kinaanguka ukiliinamisha. Hata ujazo wake hamkuutaja.

Mimi nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kiwandani, idara ya kukata na kukunja maboksi ya karatasi ngumu: ya dawa, ya sabuni, ya balbu, ya viatu vya watoto. Mchoro wa mbele ulitufikia ukiwa umekwisha kuchorwa, kusifiwa na kupitishwa na wakubwa. Sisi kazi yetu ilikuwa kuhakikisha boksi linasimama, linafunga, halipasuki kwenye mkunjo, na linafunguka bila mtu kuita jirani. Upande wa mbele ulikuwa na wenyewe, wenye majina. Kitako hakikuwa na mwenyewe, na ndicho kilichobeba mzigo.

Fanya jaribio hili, Mhariri, ukiwa hapo mezani kwako. Chukua boksi lolote tupu la dawa. Ubavuni utakuta mahali pande mbili zilipogandishwa. Achanisha gundi taratibu, kisha ulilaze boksi bapa. Hapo ndipo utauona ubunifu. Utaona kwamba upande wa nne ni mwembamba kidogo kuliko ule ulio mkabala nao, kwa kiasi cha unene wa karatasi tu, kwa sababu ukiwa sawasawa boksi litakaa mshazari. Ukanda wa gundi utauona hauna ung'avu wa vanishi, kwani gundi haishiki vizuri juu ya vanishi. Mtu fulani alikaa akapima ukanda huo na kuuacha mkavu. Kwenye kilimi cha kufungia kuna mikato miwili midogo pembeni mwa mkunjo. Hiyo ndiyo inayokamata masikio ya ndani, kilimi kisifunguke chenyewe mfukoni. Ongeza mkato kidogo, boksi linakuwa gumu kulifungua. Upunguze, vidonge vinamwagika ndani ya mkoba. Tulikuwa tukibishana zamu nzima kwa sababu ya mkato ambao msomaji wenu hajawahi kuutazama.

Kuna jambo jingine ambalo picha haiwezi kulionyesha lakini mwandishi anaweza kulisema kwa sentensi moja. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Inapotengenezwa, nyuzi nyingi hulala kufuata upande mashine inakokwenda. Ukiipinda kufuata nyuzi inatii. Ukiipinda kwa kuzikata njia, inagoma. Boksi likikatwa vizuri, nyuzi zinazunguka kiuno chake, zinakatiza mikunjo mirefu, na kuta zake hazitoki tumbo. Likikatwa ovyo ili kuokoa karatasi, baada ya muda kwenye rafu linavimba. Wino ni uleule na mchoro ni uleule. Mbele yote mawili ni mazuri sawasawa siku ya kupigwa picha.

Ufundi huu una historia, na historia yake ina watu. Mwaka 1879, katika kiwanda cha Robert Gair huko Brooklyn, Marekani, chuma cha kutia mikunjo kwenye mifuko ya karatasi kilikaa vibaya, kikaikata mifuko badala ya kuikunja. Mzigo ukaharibika. Gair akatambua kwamba chuma kirefu chenye makali na chuma kifupi kilicho butu vikipachikwa kwenye kalibu moja, pigo moja litakata na kukunja kwa pamoja. Maboksi ya karatasi yanayokuja bapa na kukunjuliwa pale yanapojazwa yametokana na hapo. Kalibu tulizotumia sisi zilikuwa na mpango uleule: ubao, vyuma vya vimo viwili, na vipande vya sponji vya kuisukuma karatasi isinase. Kabla yake kidogo kulikuwa na Margaret Knight, aliyebuni mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa. Mwanamume mmoja, Charles Annan, aliuona mfano wa mashine hiyo ukiwa bado unatengenezwa, akaenda kujiandikishia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Knight alimpeleka kwenye shauri, akashinda, na hataza akaipata mwaka 1871. Mwanamke yule alipigania kitako! Mfuko usio na kitako bapa hausimami, na usiposimama unahitaji mtu wa pili wa kuushika wakati wa kujaza. Nyinyi mkipiga picha ya mfuko wa karatasi mnaonyesha nembo.

Najua mtanijibu kwamba uso wa kitu ndio unaomwita mtu. Ni kweli, na sidharau kazi ya wachoraji. Boksi lisiloonekana rafuni halinunuliwi, na kuchagua herufi zinazosomeka kutoka mbali ni ufundi mgumu kama wetu. Lakini ukurasa wenu hausemi kwamba ni wa michoro. Unasema ni wa vitu vya kila siku, na kitu cha kila siku hutazamwa mara chache sana. Hushikwa, hufunguliwa, huoshwa, hupangwa juu ya kingine, huanguka.

Chukueni chupa ya mchuzi wa soya ambayo Kenji Ekuan aliibuni kwa ajili ya kampuni ya Kikkoman, iliyotoka mwaka 1961 na inatumika hadi leo. Kwa mbele ni chupa nzuri, tumbo pana, shingo nyembamba, kifuniko chekundu. Ekuan alitumia miaka mitatu na sampuli zaidi ya 100 kuifikia, na kazi kubwa iko mdomoni.  Tundu la kumiminia limekatwa likirudi ndani, kwa chini, ili tone la mwisho lirejee chupani badala ya kuteremka na kuchafua meza. Picha yoyote ya mbele inauficha mdomo huo chini ya wekundu wa kifuniko. Mpiga picha angeinamisha chupa na kuinyanyua, akashika ile nusu sekunde ambapo tone linasita na kurudi, angekuwa ameonyesha kwa nini chupa ile imeishi miaka yote hiyo bila kubadilishwa.

Au kiti namba 14 cha Michael Thonet, cha mwaka 1859. Kila mtu anakipiga picha kwa sababu ya mgongo wake wa mbao uliopindwa kwa mvuke, na ni mgongo mzuri, sibishi. Mimi nikikiona nawaza kreti. Kiti kile kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyokongolewa viliingia ndani ya kreti moja yenye mita moja ya ujazo. Kilisafiri kikiwa vipande, kikaungwa kilipofika. Picha ya kreti lile likiwa wazi, miguu imelala juu ya migongo bila nafasi kupotea, ingenifaa zaidi ya picha kumi za kiti kikiwa kimesimama karibu na dirisha. Mtu wa vifungashio akiiona atakaa nayo mchana kutwa.

Sasa vidole vyangu vina baridi yabisi, na hili limenifanya niwe mkali zaidi juu ya mambo ya kufungua na kushika. Hadithi ya vifaa vya jikoni vya OXO inajulikana: Sam Farber, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alimwona mkewe, Betsey, akiteseka na kisu cha kumenyea kwa sababu ya maumivu ya viungo. Mwaka 1990 vikatoka vifaa vyenye mipini minene ya mpira, yenye mapezi laini pale kidole gumba kinapokaa. Kwa mbele ni mpini mweusi, mnene, usio na urembo wowote. Ukiuweka kwenye ukurasa wenu karibu na kisu chembamba kinachong'aa, utashindwa. Uweke mkononi mwa mtu mwenye vidole kama vyangu, mkono ukiwa na maji, ndipo picha iseme ukweli. Picha ya namna hiyo haihitaji maneno mengi chini yake.

Hapo ndipo nakuja kwenye toleo lenu la karibuni ambalo ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Mlisifu boksi la manukato lenye kifuniko cha sumaku. Sitalitaja kampuni. Mliandika kwamba kufunguka kwake ni "kama sherehe". Nami nimewahi kupata boksi la aina hiyo kama zawadi. Ndani ya boksi kuna boksi, ndani yake kuna kitanda cha sponji kilichofunikwa kitambaa cha kung'aa, na chupa yenyewe inajaa kiganja. Sumaku zimegandishwa kati ya tabaka mbili za kadibodi, kwa hiyo anayetaka kuirejeleza karatasi ile lazima aipasue kwanza. Kwenye kitako, ambapo mngeweza kuyaona haya, hamkufika. Ubunifu wa sanduku lile ni mzuri kwa dakika moja ya kwanza, na baada ya hapo ni mzigo wa mtu mwingine. Mngeligeuza mara moja tu, makala yangekuwa tofauti, au pengine msingeyaandika.

Vifungashio vya plastiki ngumu vilivyozibwa pande zote, vinavyodai mkasi wakati mkasi wenyewe ndio uliomo ndani, sitavizungumzia. Hasira itanipanda bure. Niseme tu kwamba tabia hiyo ni ya zamani: Peter Durand alipata hataza ya kuhifadhi chakula kwenye makopo mwaka 1810, na Ezra Warner akapata hataza ya kifungulio cha makopo mwaka 1858. Katikati hapo watu walitumia nyundo na patasi.

Msije mkadhani napinga upigaji picha. Kinyume chake, naona mnautumia kidogo mno. Mwaka 1930 Edward Weston alipiga picha ya pilipili hoho moja, na picha ile inajulikana hadi leo. Ili mwanga uizunguke vizuri, aliitia kwenye mdomo wa faneli kubwa ya bati, kifaa cha jikoni kabisa. Karl Blossfeldt, mwalimu wa ubunifu mjini Berlin, alipiga picha za machipukizi na mashina akiyakuza hata mara 30, ili wanafunzi wake wajifunze maumbo kutoka kwa mimea. Watu hawa walisogea karibu. Nyinyi mmesimama mbali na mmezima vivuli vyote, kana kwamba kivuli ni uchafu.

Anayenivutia zaidi ni Walker Evans. Julai 1955, katika jarida la Fortune, alichapisha picha za zana za kawaida: koleo, spana, mkasi wa kukatia bati, mwiko wa mwashi. Nazo zimepigwa peke yake, kwenye usuli mtupu, kwa hiyo mtaniambia kwamba naye alifanya kama mnavyofanya. Lakini tazameni tofauti. Chuma kinaonekana ni chuma. Mahali vipande viwili vinapoungana panaonekana, na unaweza kukisia kwa macho kitu kinavyofunguka na kufunga. Na kila picha ilitaja kifaa ni nini, kiwanda gani kimekitengeneza, na bei yake. Mwiko wa mwashi ulipewa heshima ile inayopewa sanamu makumbusho, na bado ukabaki kuwa mwiko ambao mtu angeweza kwenda kuununua. Maelezo ya namna ile, ya mistari miwili, yangeuponya ukurasa wenu.

Kuhusu majina, ongezeni na ya wale wasiotajwa. Mkiandika juu ya pakiti ya maziwa ya pembe tatu, ile iliyoanzisha kampuni ya Tetra Pak mwaka 1951, mtamtaja Ruben Rausing, na ni haki yake, kwa maana ndiye aliyeisimamia hadi ikafanikiwa. Lakini wazo la kuliviringisha karatasi kuwa bomba na kulibana ncha zake kwa pande zinazopishana lilitoka kwa Erik Wallenberg, msaidizi wa maabara. Kila kiwanda kina Wallenberg wake. Idara yetu ilikuwa na fundi aliyeweza kupitisha ncha ya ukucha kwenye mkunjo na kukuambia chuma kipi kwenye kalibu kimeanza kuisha. Alistaafu bila jina lake kuchapwa kwenye boksi hata moja, ingawa maboksi yote yalipita mikononi mwake.

Nina ombi jingine la mwanga, na hili ni la kiufundi. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2004 kwamba jina la dawa liwekwe kwa maandishi ya nukta nundu kwenye boksi. Kuzichapa nukta hizo si mchezo: ukibonyeza sana, karatasi inapasuka na nukta inakuwa tundu, ukibonyeza kidogo, kidole hakiipati. Ni sehemu ya boksi iliyobuniwa kwa ajili ya kidole pekee, na kwa taa zenu za pande zote hupotea kabisa. Zimeni taa zote, mwache moja ubavuni, chini, karibu na usawa wa meza. Kila nukta itasimama na kivuli chake. Mwanga huohuo utawaonyesha mikunjo, mikwaruzo, mahali gundi ilipozidi na alama ya kidole cha aliyepakia. Waandaaji wa matangazo huiogopa taa hiyo. Gazeti halina sababu ya kuiogopa.

Hata ile mistari myeusi ya bei mnayoigeuzia ukutani kila mara ina habari yake. Pakiti ya kwanza kusomwa kwa mistari hiyo dukani ilikuwa ya ubani wa kutafuna, tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio. Kiwandani ilikuwa inatuamrisha. Mchoraji angependa kuilaza upande wowote unaompendeza, lakini mistari inatakiwa ifuate njia ya karatasi mashinani, kwa sababu wino ukivutika kidogo unarefusha mstari tu na haumdhuru mtu. Ikikatiza njia, wino ukivutika unainenepesha, nafasi zinaziba, na mashine ya dukani haisomi. Nimeona michoro mizuri sana ikigeuzwa digrii 90 kwa ajili ya mistari hiyo, na mchoraji akinuna.

Najua nafasi ya gazeti ni finyu na karatasi ni ghali. Sidai kurasa mbili. Katika picha nne mnazoweka kwa kila kitu, tatu huwa ni za mbele zilizogeuzwa kidogo kushoto na kulia. Ibakisheni moja. Ya pili iwe ya kitu kikiwa kimefunguka au kimeshikwa, ya tatu ya kitu hichohicho baada ya kutumika mwezi mmoja nyumbani kwa mwandishi, kikiwa na madoa yake. Ya nne iwe ya kitako. Hii ya mwisho mnaweza kuichapa ndogo, ukubwa wa stempu tu. Nina kioo changu cha kukuzia tangu kiwandani, nitasogea mwenyewe.

Wenu,
Fundi mstaafu wa maboksi